Usingizi wa Huku Juu

Kwenye kota za wafanyakazi wa machimbo, mlango wenye kitambaa chekundu haugongwi. Awe mgeni, awe muuza maziwa, awe msimamizi mwenyewe, akikiona kitambaa kimefungwa kwenye kitasa anajua kuna mtu wa zamu ya usiku amelala ndani, na anageuka zake bila kukohoa. Sheria hiyo haikutoka ofisini. Ilitungwa na wanawake, kwa sababu wao ndio wanaoishi na wanaume wanaorudi asubuhi na macho mekundu, na wao ndio wanaojua mtu asiyelala anavyogeuka mnyama ndani ya nyumba. Mchana kutwa pale watu hutembea kwa ncha za vidole. Sufuria huwekwa chini kama yai.

Watoto nao walishazoea. Binti wa Fundi, mwenye miaka minne, alikuwa ananong'ona hata akiwa uwanjani, hata akilia, mpaka majirani wakambandika jina la Kinong'ono, na mama yake akawa Mama Kinong'ono kwa kila mtu. Bibi yake, mama mzazi wa Fundi, aliyepanda nao kutoka chini kuja kuwatembelea, alipomsikia aliuliza kama mtoto anaumwa koo.

"Haumwi, mama," mkwewe alimjibu kwa kunong'ona. "Ni adabu tu."

"Adabu gani hiyo ya kuishi kama wezi?"

Wote wawili walicheka kwa mikono mdomoni, yakaisha.

Fundi hakuwa fundi wa kila kitu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuendesha mtambo wa kusaga mawe, na jina likamganda. Likizo alikuwa ameimalizia kwa mama yake, bondeni, akilala fofofo kila siku kama mtoto wa kunyonya. Akapanda gari, akafika huku juu ambako hata maharage yanagoma kuiva, na kesho yake tu akapangiwa zamu ya usiku. Tangu hapo kichwa kilimgonga, chakula kilimkinaisha, na usingizi ukamkimbia. Kila alipojaribu kulala mchana alishtuka ghafla akihema, kama mtu aliyebanwa pua kwa mzaha. Hiyo ilikuwa siku ya nne.

"Nisipolala leo, ule mkanda wa mtambo utaondoka na mkono wangu," alisema asubuhi ile akivua buti. Alisema bila kulalamika, na hapo ndipo mkewe alipoogopa, maana mume wake alikuwa mtu wa kulalamikia hata chumvi. "Jana nimesinzia nimesimama. Jamaa alinivuta shati."

"Basi nenda zahanati."

"Nikaseme nini? Kwamba silali?"

Mtu wa zamu ya usiku akienda zahanati ya machimbo akasema halali, wanamshusha bondeni. Wakubwa wanaita kumpumzisha. Lakini katika wote waliopumzishwa tangu wao wafike pale, hakuna aliyerudi. Mtambo unapewa mwingine, na nyumba ya kota inafuata kazi. Dawa za usingizi nazo zilikuwa marufuku bila ruhusa ya zahanati, na atakayekutwa nazo anashushwa. Waliambiwa hivyo siku ya kuajiriwa, wamepangwa mstari kwenye upepo. Labda msemaji alieleza na sababu yake. Kama alieleza, haikuingia masikioni, kwa kuwa neno kushushwa lilishaziba njia.

Mama mkwe alikuwa jikoni akisikiliza. Jikoni na chumbani palitengwa na pazia tu. Alikuwa mama wa maneno machache na mfuko mkubwa wa dawa: ya presha, ya miguu, ya tumbo. Na ya usingizi alikuwa nayo, aliyoandikiwa na daktari wake baada ya kufiwa na mumewe, na kila usiku alimeza kidonge kimoja akaamka salama. Alimvuta mkwewe mkono hadi karibu na jiko.

"Mpe hiki akishakula."

"Mama, si wamekataza?"

"Mimi mzee nameza kimoja kila siku, nimekufa? Au unataka mwanangu arudi na mkono kwenye mfuko?"

Mama Kinong'ono alikiangalia kile kidonge kwenye kiganja. Kilikuwa kidogo, cheupe, hakitishi. Alimpelekea mumewe pamoja na chai.

"Cha kichwa?" Fundi aliuliza.

"Cha kulala. Cha mama."

Fundi alimtazama kidogo, akakimeza. Mkewe akafunga kitambaa chekundu mlangoni, akachukua ndoo, akaenda bombani na mtoto.

Alipokuwa huko, Fundi alijigeuza kitandani kama samaki aliyetupwa mchangani, akiguna, akipiga ngumi mto. Mama yake hakuvumilia kumsikia. Alipenya pazia na kidonge cha pili na maji, akamwinua kichwa kama alivyomwinua zamani alipokuwa na surua. Fundi alimeza macho yamefumba. Mkwe aliporudi na ndoo yake, mama hakumwambia. Si kwamba alitaka kuficha. Katika nyumba ile kila neno la mchana hupimwa kwanza kama lina thamani ya kumwamsha mtu, na hilo alilipima akaona halina.

*

Haukupita muda mkoromo ukasikika. Lo, jinsi wale wanawake wawili walivyofurahi! Walitazamana juu ya sinia la mchele kama waliopata mtoto. Mama Kinong'ono alitoka mara moja nyuma ya nyumba, akamkuta jirani yake anaanika nguo. Jirani huyu, mke wa dereva wa tipa, aliitwa Redio, na kwa mtu mwenye sauti kama yake kuhamia kota zile ilikuwa kifungo. Redio aliuliza kwa nyusi. Mama Kinong'ono akalaza shavu kwenye viganja. Redio akanyanyua mikono yote miwili juu kushukuru.

Alirudi ndani akaendelea kuchambua mchele. Mkoromo wa Fundi ulipanda, ukapanda, ukawa wa haraka haraka kama wa mtu anayekimbizwa, kisha ukakatika. Vidole vya Mama Kinong'ono vikasimama kwenye sinia. Kimya. Alisubiri. Kimya kikazidi, mpaka akagundua kwamba na yeye ameshika pumzi. Halafu Fundi akavuta hewa kwa kishindo, na mkoromo ukaanza upya.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo," mama mkwe alinong'ona. "Ukoo mzima wanakoroma kama matrekta."

"Siku zote akikatika hivyo anashtuka, mama. Anaamka. Leo hashtuki."

"Si ndiyo kazi ya dawa?"

Dawa si ilikuwa ya kumfanya asishtuke? Wakachambua mchele. Mkoromo ukapanda tena, ukakatika tena, na safari hii kimya kilikuwa kirefu zaidi. Mama Kinong'ono alisimama. Mama mkwe alimshika pindo la nguo.

"Ukimwamsha sasa umeharibu yote. Mwache mwanangu apumzike."

Akakaa. Niseme ukweli, hata mimi ningekaa. Mwanamke gani anaingia chumbani kumwamsha mume ambaye hajalala siku nne, mbele ya mama yake aliyemzaa, kwa sababu ameacha kukoroma? Alikaa, akasikiliza kwa mwili mzima. Maharage yalikuwa yanachemka tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza alitamani ayamwage, kwa sababu yalikuwa yanamzuia kusikia. Akaipua ile sufuria. Nyuma ya pazia hapakuwa na mkoromo tena. Kulikuwa na kitu kidogo tu, kama mtu anayepuliza uji, halafu hakuna, halafu tena kidogo.

Hakuomba ruhusa mara ya pili. Alifungua pazia.

Chumba kilikuwa na giza la mapazia mazito ya watu wa zamu. Alivuta la dirishani, na mwanga wa mchana ukamwagika usoni kwa Fundi, na Fundi hakukunja hata jicho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino uliochujuka. Mama Kinong'ono aliinua mkono wake, akaangalia kucha. Zilikuwa hivyo hivyo.

"Baba Kinong'ono." Akamtikisa bega. "Baba Kinong'ono, amka."

Kichwa kiliyumba upande, kikarudi. Alimpiga kofi, la kwanza dogo, la pili la kweli. Fundi alisema "mm", macho yakafunguka nusu yakaonyesha weupe, yakajifunga. Akammwagia maji ya ndoo, maji ambayo pale yanaweza kukata vidole kwa baridi. Fundi hakushtuka. Maji yalimtiririka shingoni, yakaingia kwenye godoro, naye alilala tu.

"Mama, njoo uone mwanao!"

Mama mkwe alikuja, akaona, akashika ukuta. Miguu yake ilikuwa mibovu siku zote, sasa ikakataa kabisa, akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya saruji akianza kumwita mwanawe kwa jina la utotoni. Kinong'ono naye aliingia akasimama katikati ya pazia.

"Mwite baba," mama yake alimwambia. "Mwite kwa nguvu, mwanangu, piga kelele."

Mtoto alifungua mdomo, akavimba mishipa ya shingo. "Baba," alinong'ona. "Baba."

Mama Kinong'ono alitafuta simu chini ya mto, haipo, kwenye rafu, ipo. Hapo hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa na Redio akaingia bila kubisha. Alikuwa amesikia makofi akadhani watu wanapigana, na wanaopigana mchana kwenye kota zile huwa ni wendawazimu. Alimwona Fundi akaacha mdomo wazi.

"Amemeza nini?"

"Ya usingizi."

Redio alifunga ule mlango haraka. "Usipige simu zahanati. Nakuomba. Tumtembeze. Mmoja huku mmoja kule, tumtembeze mpaka imtoke."

"Hawezi hata kukaa, utamtembezaje?"

"Wakija hapa wataanza kukagua nyumba moja moja. Unadhani ni wewe peke yako? Tutashushwa wote, Mama Kinong'ono. Watoto wangu wanasoma hapa."

"Ukipiga hiyo simu mwanangu hana kazi," mama mkwe alisema kutoka sakafuni. Alikuwa analia, na hakujua tena anataka nini. "Aliitafuta ile kazi mpaka viatu vikaisha. Atasema ni mimi. Atasema mama yangu ndiye aliyenimaliza."

"Nisipopiga hana pumzi, mama."

Akapiga. Iliita, ikaita, ikapokewa na sauti ya kike iliyochoka.

"Zahanati."

"Mume wangu haamki," Mama Kinong'ono alisema.

"Sikusikii. Ongea kwa sauti."

"Mume wangu..." Alisema tena, na alisikia mwenyewe kwamba ananong'ona. Koo lilikuwa limezoea vibaya. Miaka yote ile mchana kutwa, limesahau njia.

"Wewe ni nani? Sikusikii kabisa. Nakata."

Hapo ndipo Mama Kinong'ono alipopiga kelele. Ilitoka ikiwa imechanika, haina ukubwa wala adabu, ikapita ukuta wa mbao wa nyumba yake na wa Redio na wa wale wa mbele, ikafika uwanjani. "Mume wangu amemeza dawa za usingizi! Haamki! Amekuwa wa bluu! Kota ya chini, mlango wa mwisho, njooni!"

Nje, kamba ya nguo iliacha kulia; aliyekuwa anaanika alisimama. Kota nzima ilikuwa imesikia, kuanzia neno mume mpaka neno dawa. Redio alijiegemeza mlangoni akafumba macho.

*

Nesi alikuja na gari la zahanati na mtungi wa oksijeni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sweta mbili, na hakusalimia. Alipiga magoti kwenye godoro lililolowa, akamwinua Fundi kidevu, akamvisha kifuniko cha hewa usoni, akafungua mtungi. Akambonyeza kidoleni kidude cha kupimia, akaangalia namba zake, akasonya.

"Amemeza nini?"

Watu walikuwa wameshaanza kujaa dirishani. Mama Kinong'ono aliangalia chini. Redio aliangalia dari.

"Ni uchovu tu," mama mkwe alisema. "Kazi nyingi."

"Bibi, mimi sio polisi. Nikikisia vibaya nitamuua kwa mikono yangu, tena mbele yako. Amemeza nini?"

"Kidonge cha usingizi," Mama Kinong'ono alisema. "Kimoja. Nimempa mimi, na chai."

"Kimoja hakimwachi mtu mwenye mwili kama huu hivi."

Mtungi ulikuwa unatoa mlio mwembamba. Mama mkwe alijivuta kwa makalio mpaka kwenye mfuko wake, akatoa pakiti, akamnyooshea nesi kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka.

"Viwili," alisema. "Cha pili nilimpa mimi."

Mkwewe aligeuka. "Lini?"

"Ulipokwenda bombani."

Kila mmoja aliona hesabu ilivyokwenda, na kila mmoja alimwona mwenzake anaiona. Nesi alikuwa anasoma pakiti.

"Na pombe?"

"Hanywi," mkewe alisema.

Redio alikohoa. Kwa mara ya kwanza tangu waingie watu, sauti yake ilirudi kuwa ya Redio. "Huwa wanapitisha kichupa kwenye gari, asubuhi wakitoka zamu. Kupasha mwili. Mume wangu kaniambia. Wote wanakunywa."

"Haya," nesi alisema. "Sasa tunaongea."

Alimchoma sindano ya kupinga kile kidonge, akakaa kumtazama Fundi kifuani, mkono kwenye mshipa wa shingo. Mama Kinong'ono alikuwa amemshika mumewe mguu, ndio uliokuwa karibu, na alikuwa anaufinya kwa kila pumzi kama anayeisukuma ipande. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikakaa chini. Alifinya. Kikapanda. Baada ya muda ambao kwake haukuwa na mwisho, ile rangi ya wino ilianza kuondoka pembeni mwa midomo, na Fundi akajaribu kukiondoa kifuniko usoni, mkono ukaanguka.

"Mbona mimi nameza kila siku?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo. Hakuwa anabisha tena. Alitaka kujua.

"Unameza huko kwako, bondeni, kwa kipimo chako, na daktari anakujua. Huku juu hewa ni nyepesi, bibi. Mtu mgeni akilala, au aliyerudi baada ya kukaa chini muda mrefu, mwili unasahau kuvuta, halafu unashtuka, unajikumbusha. Huko kushtuka mnakokuchukia ndiko kunakowaweka hai. Sasa ukimpa kitu kinachomwambia mwili usishtuke, na juu yake pombe, na kichwa kinamuuma siku ya nne..." Akaangalia pakiti tena. "Wewe umekimeza tangu ufike?"

"Kila usiku."

"Basi leo unashuka na wewe. Usikimeze tena huku juu. Ukifika, muone daktari wako leo hii hii, maana hata kukiacha ghafla si vizuri. Na kamwe usimpe mtu dawa iliyoandikwa jina lako."

"Kwa hiyo mtu asiyelala huku afanye nini?" Mama Kinong'ono aliuliza. "Afe macho?"

"Aje kwetu. Apande polepole, asitiwe zamu siku ya pili. Ipo dawa ya kusaidia pumzi usiku. Hata za usingizi zipo zinazowafaa baadhi ya watu, tukishawapima. Kichwa kikizidi, anashuka kidogo, akipona anarudi."

"Tungekuja mngemshusha. Na asingerudi."

Nesi alifunga begi lake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa kitu ambacho na yeye amewahi kuuliza ofisini akajibiwa vibaya. "Ndiyo," alisema. "Wangemshusha."

Msimamizi alifika wakati vijana wa gari la zahanati wanambeba Fundi kutoka kitandani. Aliingia na buti zake mpaka juu ya mkeka, akatazama pakiti mkononi mwa nesi, akatazama Fundi, akamtazama mke.

"Pakieni kila kilicho chenu. Nyumba inatakiwa leo." Kisha akaona Fundi amefungwa blanketi la kijivu. "Hilo ni la kampuni."

Wabebaji walisimama. Mama Kinong'ono alianza kulifungua, kwa kweli alianza, mbele ya dirisha lililojaa majirani, mikono yake ikivuta ncha ya blanketi kutoka kwenye mwili wa mume wake uliolowa. Aibu humfanya mtu mtiifu.

"Litakwenda naye," nesi alisema. "Liandike kwangu."

*

Walipotoka nje, majirani walikuwa wamesimama milangoni. Hakuna aliyetoa pole. Mama mmoja wa nyumba za mbele alisema, si kwa kunong'ona, "Umetuchongea," na wengine wakaangalia pembeni, namna ya watu wanaokubali bila kutaka kusema. Mama Kinong'ono alipita katikati yao na sufuria ya maharage mabichi mkononi. Hakujua kwa nini ameibeba. Vyombo vingine vyote viliingia kwenye mifuko miwili na shuka moja lililofungwa fundo.

Redio aliwafuata mpaka kwenye gari. Alikuwa anajisugua mikono.

"Rangi ile," alimwuliza Mama Kinong'ono kwa haraka. "Inaanzia wapi? Kwenye kucha?"

"Midomoni. Na hasikii ukimwita."

Redio aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akarudi kwenye mlango wake uliofungwa kitambaa chekundu, akasimama mbele yake kidogo, kisha akaugonga kwa ngumi mbili, akimwita mumewe kwa jina lake lote na la baba yake. Gari lilipowashwa, yule mama aliyesema umetuchongea alikuwa ameshaingia ndani kwake. Naye akasikika anaita. Na mlango wa pili yake ukagongwa, na wa tatu.

Barabara ya kushuka ilikuwa ya vumbi na makona. Fundi alilazwa nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe, mtungi kati ya magoti ya nesi. Mama mkwe alikaa miguuni, Kinong'ono amelala kwenye kifua chake. Nesi alikuwa amewaonya: dawa haijamtoka, ile sindano nguvu yake inaisha kabla ya kile alichomeza, kwa hiyo akisinzia mwamsheni, msimwonee huruma. Kila gari lilipopiga kona, Mama Kinong'ono alimfinya sikio.

"Niache," Fundi alisema chini ya kifuniko, kama mlevi.

"Usilale."

"Siku nne mnataka nilale. Sasa mnataka nisilale."

Nesi alicheka kidogo puani. Mama Kinong'ono hakucheka. Alikuwa bado anahesabu kifua, na kila kilipokawia kupanda moyo wake ulikwenda nacho chini. Lakini walivyoshuka ndivyo hofu ilivyolegea. Masikio yalizibuka. Miti ilianza kuonekana, kwanza mifupi, halafu ya kweli. Fundi alifungua macho akayaacha wazi, akatazama dirishani kwa muda mrefu, na polepole uso wake ukaelewa.

"Tunashuka."

"Tunashuka," mkewe alisema.

"Vyombo vimo?"

"Vimo."

Akageuza macho kutoka dirishani, akamtazama mkewe. Mama Kinong'ono alijua swali linalokuja. Alikuwa ameliogopa tangu kota, pamoja na yote mengine, na sasa kwa kuwa mtu alikuwa hai ndilo peke yake lililobaki la kuogopa. Watu wameachana kwa madogo kuliko hilo.

"Nani aliwapigia simu?"

Alifungua mdomo kujibu.

"Mimi," mama mkwe alisema.

Fundi aliinua kichwa kwa shida, akamtazama mama yake. "Mama, wewe simu hujui hata kuiwasha."

"Nimejifunza leo," mama yake alisema, akamfunika miguu vizuri na lile blanketi.